Mama, karatasi ya kura usimwachie baba watoto

Katika yale maswali 100 ya uraia tuliyokaririshwa, lipo moja linalouliza Susan B. Anthony alifanya nini. Jibu: alipigania haki za wanawake. Sisi akina mama wa darasa la jioni tulilimeza vilevile tulivyomeza majina ya bahari zinazopakana na Marekani, tukalitema mbele ya afisa, tukaenda zetu. Hakuna aliyetuambia kwamba huyo bibi aliishi hapahapa Rochester, mtaa wa Madison, na kwamba serikali ilimfuata nyumbani kwake ikamkamata kwa kosa la kupiga kura.

Nawaandikia mama zangu na dada zangu wanaosema Kiswahili hapa New York, hasa sisi tuliotoka Kivu Kusini tukapitia kambi za Tanzania, kwa sababu kuna jambo naliona kila msimu wa uchaguzi na limenichosha. Tangu 2024 mpiga kura yeyote wa jimbo hili anaweza kuomba kupiga kura kwa posta. Bahasha inakuja ina jina la mama. Anayeifungua ni baba, au kijana mkubwa anayejua Kiingereza. Viduara vinajazwa mezani huku mama yuko jikoni anasonga ugali, kisha anaitwa: "Mama, njoo usaini hapa." Anafuta mikono kwenye kitenge, anasaini, anarudi kwenye sufuria. Muulize wiki inayofuata alimchagua nani, atacheka tu.

Wenyewe wanasema hakuna ubaya, nyumba ni moja. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana maneno hayo si mageni. Wanaume waliowapinga wanawake wa Marekani katika karne ya 19 walisema hayohayo: mume akipiga kura amewapigia wote wa nyumbani, kwa hiyo mke ana haja gani ya kura yake? Tena ataleta ugomvi ndani. Ilichukua miaka zaidi ya 70 kulishinda neno hilo, tukianza kuhesabu kutoka mkutano wa Seneca Falls wa 1848, ambao si mbali na hapa, mpaka 1920.

Susan alichoka kungoja. Mwanzoni mwa Novemba 1872 alikwenda na dada zake kwenye duka la kinyozi, ambako wapiga kura wa kata yao walikuwa wakiandikishwa, akabishana na vijana waliokuwa wanaandika mpaka wakakubali. Tarehe 5 akapiga kura, yeye na wanawake wengine 14 wa kata hiyo. Wiki mbili hazijaisha, afisa akabisha hodi. Kesi ilisikilizwa Juni 1873 mji wa Canandaigua. Jaji hakumruhusu kujitetea kama shahidi, na wazee wa baraza hakuwaachia nafasi ya kushauriana. Aliwaagiza tu wamtie hatiani. Faini dola 100. Susan akamwambia jaji usoni kwamba hatalipa hata dola moja, na kweli hakulipa mpaka alipofariki mwaka 1906. Sheria aliyoitaka ilikuja miaka 14 baada ya mazishi yake.

Binti zetu waliosoma shule za hapa wana jibu lao: hao mabibi wa kizungu hawakutupigania sisi. Wana haki ya kusema hivyo. Susan mwenyewe alipinga Marekebisho ya 15 ya Katiba yaliyowapa wanaume weusi kura, kwa sababu wanawake waliachwa nje. Mwaka 1913, wanawake walipoandamana Washington, Ida B. Wells, mwandishi mweusi aliyepigania haki za watu weusi, aliambiwa akakae nyuma na weusi wenzake. Hakukubali, aliingia katikati ya msafara wa jimbo lake la Illinois. Na baada ya 1920, mwanamke mweusi wa Mississippi aliendelea kuzuiwa kwa mitihani na vitisho. Fannie Lou Hamer alipojaribu kujiandikisha mwaka 1962 alifukuzwa kwenye shamba alilofanyia kazi miaka mingi, usiku uleule. Sheria ya kuwalinda ilipatikana 1965. Kwa hiyo shukrani zangu hazimwendei bibi mmoja. Wells na Hamer nawashukuru zaidi, nikisema kweli. Lakini yule wa mtaa wa Madison simtupi, na kwenye mazishi yake mmoja wa waliosimama kumsifu alikuwa Hester Jeffrey, mwanamke mweusi wa mji huu aliyemfahamu kwa karibu. Kama Hester aliona ya kumsifu, mimi ni nani?

Kwetu nako hatukupewa mapema. Uchaguzi wa Mei 1960, ule uliomfikisha Lumumba serikalini, ulikuwa wa wanaume peke yao. Mwanamke wa Kongo alipata kura mwaka 1967, na siku hizo kulikuwa na nini cha kuchagua chini ya Mobutu? Wenzetu walipopanga mistari mwaka 2006, sisi tulikuwa Nyarugusu tunasikiliza matokeo redioni. Wengi wetu kura ya kwanza maishani tuliipigia hapa. Ndiyo maana inaniuma ikijazwa na mtu mwingine.

Sasa ushauri. La kwanza ni la wale ambao bado wana kadi ya kijani, na tafadhali mwambieni kila mtu: kama hujala kiapo cha uraia, usijiandikishe kupiga kura. Ofisi ya leseni za udereva inaweza kukuwekea swali hilo kwenye fomu au kwenye skrini, na karani ana haraka. Sema hapana. Kutia saini kwamba wewe ni raia wakati bado kunaweza kukunyima uraia, hata kukurudisha ulikotoka. Hapo hawana mchezo.

Ukishaapa, jiandikishe wiki hiyohiyo. New York inataka uwe umejiandikisha angalau siku kumi kabla ya uchaguzi. Kwenye fomu utaulizwa chama, na wengi wetu tunaacha wazi kwa kuogopa siasa, kwa yale tuliyoyaona. Naelewa. Lakini jimbo hili halimruhusu asiye na chama kuingia kwenye mchujo wa chama, yaani kura ya ndani ya kumteua mgombea wa chama, na katika mji wetu mchujo wa Juni mara nyingi ndio unaoamua. Novemba inakuja kuthibitisha tu. Kuandika chama kwenye fomu si kuchukua kadi ya chama kama enzi za MPR, chama cha Mobutu. Huchangi, huimbi, huvai kitambaa.

Kuhusu Kiingereza: sheria ya taifa inamruhusu mpiga kura asiyeweza kusoma karatasi kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe, ilimradi si mwajiri wake wala mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Mchukue binti yako, jirani, mama wa kanisani. Kazi yake ni kukusomea, na kujaza pale unapomwonyesha. Akianza kusema "huyu ni mzuri, huyu mbaya," mnyamazishe. Karatasi ya mfano hutolewa mapema. Kaeni nayo jioni moja, muwe mmemaliza maswali kabla ya kwenda.

Na msiishie kwa rais. Diwani wa jiji na wajumbe wa bodi ya shule huchaguliwa hapa katika miaka ya witiri, ambapo watu wengi hata hawajui kuna uchaguzi. Basi la shule linalomwacha mtoto kona ya mbali, mkalimani asiyepatikana kwenye kikao cha wazazi: hayo hayaamuliwi Washington. Mtu anayeyaamua anaweza kushinda kwa kura chache sana, na akina mama wa kanisa letu peke yao wanatosha kumtia wasiwasi.

Kama unaweza, nenda mwenyewe kituoni. Kuna siku tisa za kupiga kura mapema, wikendi zikiwemo, na kituo hakina mtu wa kukuharakisha. Ukikuta jina halipo, usirudi nyumbani. Omba kura ya afidaviti, ile ya kiapo cha maandishi, ni haki yako.

Mwaka 1920 Marekebisho ya 19 ya Katiba, ya kuwapa wanawake kura, yalikuwa yamebakiza jimbo moja kuyaridhia, na bunge la Tennessee lilikuwa limegawanyika katikati. Mbunge wake mdogo kuliko wote, Harry Burn, miaka 24, alikuwa upande wa wapinzani, lakini mfukoni alikuwa na barua ya mama yake, mjane aliyeendesha shamba, akimtaka awape wanawake kura. Akageuka, na mambo yakaisha. Mama ndiye aliyemwelekeza mwana. Sisi tumeupindua mpango huo.

Baba watoto watauliza, msishangae. Wa kwangu aliuliza tukiwa bado kwenye maegesho ya kituo. Nikamwambia aanze yeye kutaja wake, wote, mpaka wa bodi ya shule. Akawasha gari, tukaongelea bei ya sombe.