Muulize Shangazi: Keki ya sizoni imeyeyukia kwenye daladala

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa miaka 21, niko mwaka wa pili chuo hapa Dar, nasomea uhasibu, nimepanga chumba Msewe na rafiki yangu. Shangazi mimi starehe zangu ni mbili tu, sizoni na keki. Yani nikianza sizoni siachi mpaka iishe, na ikiisha lazima nioke kitu cha kufanana nayo, ya Kituruki nilitoa baklava, ya madaktari nikapamba kapkeki zina sindano na plasta juu. Sasa Squid Game, ile ya Kikorea watu wenye namba wanacheza michezo ya kitoto kwa hela na ukishindwa unauawa, ndo imenimaliza. Nimezikesha zote tatu kuanzia Ijumaa usiku mpaka Jumapili jioni, Jumatatu testi, nikapata 9 kwa 20. Halafu besdei ya mwenzetu nikamtengenezea keki ya kijani ina namba 456 na zile pipi za mwavuli, nikapanda nayo daladala mpaka Mbagala, nafika aisingi yote imeteremkia upande mmoja, pipi zinanata kama gundi, watu wamecheka mpaka basi. Mama anasema boom lote, ile hela ya mkopo wa chuo, nalimalizia kwenye mayai. Niache au?
Mpishi wa Sizoni, Msewe

JIBU: Marahaba mwanangu. Samahani nimecheka kwanza, ile picha ya keki uliyonitumia namba 4 imeshuka mpaka kwenye sahani imebaki 56.

Tuanze na keki maana hiyo ndo inarekebishika leo leo. Umeniandikia aisingi umepiga kwa ile siagi ya kopo ya kupaka mkate. Bibie, hiyo imetengenezwa ilainike, na hata siagi yenyewe ya maziwa ikifika nyuzi 30 na kitu inakuwa uji, sasa wewe umeipakata mchana wa Dar, daladala imejaa, dirisha limefungwa, ulitegemea nini? Wanaouza keki hapa mjini wengi wanachanganya, nusu siagi nusu yale mafuta meupe magumu ya kupikia, yanavumilia joto kuliko siagi. Ladha inapungua kidogo, ongeza vanila na chumvi kidogo tu ya ncha ya kidole. Na usimalizie mapambo nyumbani, beba keki imepakwa tabaka jembamba tu, aisingi nyingine iweke kwenye mfuko, namba utachora ukifika.

Pipi sasa, hapa ndo penye utamu. Kule Korea inaitwa dalgona, ni pipi ya utotoni, walikuwa wanauziwa watoto nje ya shule, na ukichonga umbo likatoka zima unapewa nyingine ya bure. Ndo maana kwenye Squid Game yule mchezaji namba 456 alipopewa umbo la mwavuli achonge akawa anaulamba kwa nyuma ili uyeyuke kwenye mistari, kwahiyo hata mate yalitosha kuilainisha, sembuse unyevu wetu wa pwani. Ni sukari na beking soda basi, sio hamira, sio beking pauda. Vijiko viwili vya chakula vya sukari kwenye moto mdogo, koroga mpaka iyeyuke iwe rangi ya asali, kama umewahi kukaa na bibi akipika kashata unaijua ile dakika, ukizubaa tu imeungua. Epua, tia beking soda kwenye ncha ya kisu, koroga haraka. Soda ikipata joto inatoa gesi ndo sukari inavimba na kupauka. Wewe nahisi ulitia kijiko kizima, maana unasema ilikuwa chungu na ina ladha ya sabuni. Mwaga kwenye karatasi iliyopakwa mafuta, bonyeza na kitako cha bati, gonga umbo kabla haijakauka. Ikipoa tu ifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na kikaratasi cha mchele mkavu, kama tunavyoweka mchele kwenye chumvi, na juu ya keki uibandike dakika ya mwisho watu wakiwa wameshaanza kuimba.

Testi. Squid Game zote tatu ni episodi 22, 9 na 7 na 6, kila moja karibia saa zima, wewe mhasibu piga hesabu mwenyewe wikendi yako ilienda wapi. Sitakwambia uache. Sisi tamthilia tulikuwa tunaisubiri wiki nzima, hatukuwa na nidhamu yoyote, ilikuwa haipo tu. Netflix walipomwaga episodi zote 13 za sizoni ya kwanza ya House of Cards siku moja mwaka 2013 mtindo ukashika, na ile inayofuata inajianzisha yenyewe hata rimoti hujaiona iko wapi. Ingia kwenye seting za akaunti ukizime hicho kitu. Halafu geuza utaratibu wako, usioke baada ya sizoni, oka wakati unaangalia. Keki inakaa kwenye oveni dakika 40 hivi, ikiiva unazima vyote viwili, kwanza mikono ina unga simu huishiki.

Na mama yako kwenye mayai ana hoja. Trei moja ni mayai 30, keki yako inakula manne, tuseme matano, mengine yanaenda wapi? Mwandikie matumizi kwenye daftari umpelekee, si ndo kozi yenyewe.

SWALI: Shangazi mambo. Mimi ni mvulana niko chuo Morogoro, napenda kuoka ila jamaa zangu wa geto wananiita mama keki. Oveni pia sina.

JIBU: Poa. Waulize hao jamaa chapati wanazokula asubuhi kanda nani, si kaka wa pale kibandani? Na kule Uingereza mashindano ya kuoka ya The Great British Bake Off yalipoanza 2010 mshindi wa kwanza alikuwa mwanaume, Edd Kimber. Oveni: sufuria kubwa, mchanga mkavu vidole viwili, funika upate moto dakika 10, weka chombo cha keki juu ya mchanga, funika tena, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Usifunue kabla ya nusu saa. Hao jamaa wakisikia harufu watakuja wenyewe, wape makoko.