Maswali ya Wasomaji: Chuo cha mawe na bili ya viyoyozi

SWALI: Ndugu wahariri, nasimamia majengo ya chuo kimoja Mji Mkongwe, Zanzibar. Jengo kuu ni la mawe na chokaa, lina zaidi ya miaka mia. Bili ya umeme inapanda, kuta zinaota ukungu na rangi inabambuka. Mkandarasi anataka kupiga lipu ya saruji, kubandika foamu ndani na kuweka madirisha ya aluminiamu. Tukubali?

JIBU: Hapana, yote matatu.

Ukuta wa mawe ya matumbawe, kama wenu, hunyonya unyevu wa ardhini na wa mvua, kisha huutoa polepole kupitia chokaa. Saruji na rangi ya plastiki huziba njia hiyo. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu hadi ikafura na kudondoka, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza bila mtu kuona. Bili nayo haijitengi na hayo: kiyoyozi hupooza hewa na kuikausha, na chumba chenye ukuta mbichi hukipa kazi isiyokwisha. Foamu itaficha tu uharibifu mpaka dari ianze kuinama.

Basi anzeni kwa kukausha. Kagueni mabati, milizamu, na vibomba vya maji ya viyoyozi vinavyodondokea ukutani (kosa la kawaida kuliko yote). Bandueni saruji kwa nyundo na tindo, si kwa mashine inayotikisa mawe. Ukuta ubaki wazi Januari na Februari, kabla ya masika.

Lipu mpya iwe sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa na kulazwa majini kama miezi 3, kwa sehemu 3 za mchanga safi. Mchanga wa ufukweni utawarudishia chumvi ileile. Kila tabaka lisizidi milimita 10, lifunikwe kwa magunia mabichi siku 4 au 5. Likikauka haraka litapasuka. Fundi akisema anatia "saruji kidogo tu ishike upesi", mzuieni. Malizieni kwa kupaka chokaa nyepesi iliyochanganywa na maji, mara 4 au 5.

Ukuta wa nusu mita hauna haja ya foamu. Joto la mchana linashuka kutoka kwenye bati. Tandikeni sufi ya kioo (glass wool, blanketi la kuzuia joto) ya milimita 100 juu ya dari, mkiacha nafasi hewa ipite kati yake na bati. Hapo ndipo fedha ya kwanza iende.

Madirisha ya mbao yatengenezwe, yasing'olewe. Madarasa yatumie feni na upepo: feni ya dari hula kama wati 70, kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupooza) hula karibu wati 1,000. Viyoyozi vibaki maktaba, maabara na chumba cha seva, milango ikiwa na mpira wa kuzuia hewa, na rimoti kwenye nyuzi 26. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa maji inapogusa kitu cha nyuzi 26 hivi. Mkiweka 18 huku dirisha linavuja, ukungu mnaufuga wenyewe.

SWALI: Na paneli za sola juu ya paa?

JIBU: Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Nendeni kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, si kwa paneli tu bali hata kwa madirisha na mashine za nje za viyoyozi. Paneli moja kubwa huzidi kilo 20, na kenchi za zamani hazikupigiwa hesabu hiyo. Kama chuo kina jengo jipya nje ya mji, zifungwe huko.

Kabla ya kununua chochote, someni mita saa 12 jioni na saa 12 asubuhi kwa wiki 2. Usiku ukila karibu sawa na mchana, kuna viyoyozi vinavyopooza madarasa matupu.