Betri ya lithiamu inazima jua likiwa kali

Ndugu, umeuliza kwa nini betri yako mpya ya lithiamu ya sola inazima saa saba mchana; si ubovu. Umesema inveta (mashine inayochaji betri na kugeuza umeme wake uwe wa nyumbani) imebaki na mpangilio wa betri za maji, yaani za risasi na asidi, ulizotoa. Shida iko hapo. Mpangilio huo una usawazishaji (equalization), yaani chaji ya nguvu ya kusawazisha betri za maji, unaopandisha volti hadi 58 na zaidi, ndipo ulinzi wa ndani ya lithiamu unakata. Zima usawazishaji huo kabisa. Kisha soma kibandiko: 51.2V ni seli 16 (betri ndogo zilizounganishwa ndani), weka volti za chaji 56.0 na za kushikilia betri ikishajaa (float) 54.0. Ikiwa ni 48.0V basi ni seli 15, weka 52.5 na 50.6. Fundi wangu alilisahau hilo, nikalala giza siku mbili! Ikiendelea kukata, pima kwa mita kwenye vichwa vya betri, usiamini kioo cha inveta.