Jibu: MF 135 ya dizeli inasumbua kuwaka na inachemsha

Mkuu, umesema trekta yako ya Massey Ferguson 135 (MF 135) inasumbua kuwaka asubuhi, na ikilima nusu saa inachemsha. Nianze na kuwaka.

Tazama bomba la moshi stata ikizungusha. Hakuna moshi kabisa? Dizeli haifiki. Toa upepo kwenye njia ya dizeli: anzia kwenye filta, kisha pampu, mwisho legeza nati za injekta (zinazopulizia dizeli kwenye silinda) hadi dizeli itoke bila mapovu. Ukiona moshi mweupe, dizeli inafika ila haiungui; injini inazunguka polepole au kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) imeshuka. Pima betri stata ikizunguka. Ikishuka chini ya volti 9.6, chaji betri na safisha waya wa ethi (unaotoka betri kwenda kwenye bodi) hadi chuma king'ae, kabla hujafikiria stata mpya.

Kuchemsha: wengi hukimbilia kung'oa thamostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini), tafadhali usifanye hivyo. Angalia rejeta kwanza: makapi hujaa kwenye mapezi yake. Yapulize kutokea upande wa injini. Fenibelti ukiibonyeza icheze kama sentimita 2. Bado inachemsha? Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta ndipo uwashe: mapovu yasiyokoma kwenye maji ni dalili ya gasketi ya silinda hedi kuvuja.