Dola mia mbili za Jumamosi

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amemaliza chuo cha hoteli Arusha na ameshinda bahati nasibu ya Green Card. Ameniandikia swali ambalo wengi wa huko nyumbani wamekuwa wakiniuliza, kwa hiyo namjibu yeye na wengine msome: "Dada, nasikia mhudumu wa mgahawa huko Marekani anaondoka na dola mia mbili kwa siku, bakshishi tupu. Ni kweli? Na kama ni kweli, mbona wewe kila tukikupigia unasema mambo magumu?"

Ni kweli. Dola mia mbili kwa siku nimeshazipata, na wenzangu walioko kwenye migahawa ya bei mbaya wanazipita. Na ni kweli pia kwamba mambo huwa magumu. Mimi huyohuyo, wiki ileile. Jumamosi nacheka na wallet, Jumatano nahesabu mafuta ya gari. Ukitaka kuielewa kazi hii, lazima kwanza uelewe anayekulipa ni nani, maana si tajiri mwenye mgahawa.

Sheria ya serikali kuu hapa inasema kima cha chini ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu 2009. Lakini kwa mfanyakazi wa bakshishi, mwajiri anaruhusiwa kulipa dola 2.13 kwa saa, kwa hesabu kwamba zilizobaki zitatoka mifukoni mwa wageni. Hiyo 2.13 iko hivyo tangu 1991, wewe hujazaliwa. Mimi niko Texas, kandokando ya Dallas, na Texas inafuata kiwango hichohicho. California, Washington na Minnesota hawakubali mtindo huo. Kule mhudumu analipwa kima kamili cha jimbo, na bakshishi inakuja juu yake. Kwa hiyo ukimsikia Mtanzania wa Seattle na Mtanzania wa Dallas wanaelezea kazi hii kana kwamba ni kazi mbili tofauti, wote wanasema kweli. Jimbo utakalofikia ni jambo la kuuliza mapema kuliko hata jina la mgahawa.

Piga hesabu. Saa 40 mara 2.13 ni dola 85.20 kwa wiki. Na hizo nazo huzioni zote, kwa sababu makato ya mshahara pamoja na makato ya bakshishi zako yanatolewa humohumo. Nimeshapokea hati ya mshahara iliyoandikwa sifuri. Nakwambia mapema ili siku ikikutokea usidhani umeibiwa. Sheria inamtaka mwajiri aongezee kama mshahara na bakshishi kwa pamoja havifiki 7.25 kwa saa, ila wanapima kwa wiki nzima, si kwa siku. Jumatatu yako mbovu inamezwa na Jumamosi yako nzuri, na hakuna cha kuongezewa.

Sasa hiyo Jumamosi yenyewe. Tuseme meza zangu zimekula na kunywa vya dola 1,200. Desturi ya hapa mgeni anaacha kati ya asilimia 15 na 20. Tuseme wameacha 18, hiyo ni dola 216. Kabla sijavua aproni nawatolea wanaosafisha meza, wa kaunta ya vinywaji, na binti anayepokea wageni mlangoni. Kwetu ni asilimia 4 ya mauzo, yaani dola 48. Nabaki na 168. Ni hela ya kweli, nyingine ninaondoka nayo mkononi usiku uleule, na aliyetoka kwenye kazi ya kusubiri mwisho wa mwezi anajua raha yake. Jumatatu mchana ni meza tatu, moja ina wazee wawili wanaogawana sahani moja na kunywa maji yenye kipande cha limau. Saa tano umesimama, dola ishirini na kitu.

Nimesema asilimia 4 ya mauzo, si ya bakshishi. Hapo pana mwiba. Siku moja nilipata kundi la watu kumi na moja waliokuja kusherehekea siku ya kuzaliwa ya babu yao. Watu wazuri kabisa, wacheshi, wakanipigisha hata picha. Walikaa karibu saa tatu. Chai ya barafu yenye sukari hapa Texas inaongezwa bure, kwa hiyo nilikuwa nazunguka na jagi kama mtu wa msibani anayenawisha wageni mikono. Mmoja steki yake ilirudi jikoni kwa sababu imeiva mno, mwingine anataka sosi ya ranch zaidi, watoto wamemwaga soda. Mwisho wakataka bili nane tofauti. Jumla dola 312. Nilipokusanya vile vijitabu vya bili, nikakuta wameniachia dola 10, na ujumbe mzuri ulioandikwa kwa kalamu kwenye risiti ya babu. Asilimia 4 ya 312 ni dola 12.48. Ina maana meza ile niliihudumia kwa hela yangu. Migahawa mingi huongeza asilimia 18 ya lazima kwa makundi makubwa ili kuzuia jambo hili. Pale nilipokuwa hawakuwa na utaratibu huo. Ukienda kuomba kazi, uliza. Uliza pia unatoa asilimia ngapi, na ya nini: ya mauzo au ya ulichopata.

Kazi yenyewe ni ya miguu, mgongo na kumbukumbu. Watu wanadhani ni kubeba sahani. Kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja utajifunza, na wewe umeshafundishwa chuoni. Kinachochosha ni kushika kichwani kwamba meza ya nne ina mtoto mwenye mzio wa karanga, ya sita wameomba bili, ya saba hawajaonana na mtu dakika kumi, na jikoni wanapiga kengele chakula kinapoa. Halafu kuna kazi zisizo na bakshishi: kukunja visu na uma kwenye vitambaa, kujaza chupa za tomato, kufagia chini ya meza. Zamu ya kufunga mgahawa unaweza kumaliza mgeni wa mwisho saa nne usiku na ukatoka saa sita.

Na uso. Hili siwezi kulipita haraka, hasa kwa wadogo zangu wa kike. Mgeni akiwa ndiye anayekulipa, anajua. Wengi ni waungwana, nasema hivi kwa moyo wote, lakini wapo wanaodhani bakshishi imenunua zaidi ya huduma. Jioni moja mteja alinishika kiuno nikiwa nimeinama kuweka sahani. Nikatoa mkono wake, nikaenda kwa meneja. Meneja akanijibu kwamba yule ni mteja wa siku nyingi. Nikakataa kurudi kwenye ile meza, akapewa mwenzangu wa kiume, na bakshishi ikaenda naye. Sikukaa sana pale. Mahali ambapo meneja anamlinda mteja dhidi ya mfanyakazi, ondoka, hata kama Jumamosi zake ni nono. Migahawa iko mingi, na Dallas haikosi tangazo la kutafuta wahudumu.

Lakini usije ukadhani ninalia tu. Kuna vitu kazi hii imenipa ambavyo ghala lisingenipa. Wengi wetu tukifika tunabeba boksi kweli, usiku, kwenye majengo makubwa ambako huongei na mtu zaidi ya kusalimiana. Mimi Kiingereza changu cha darasani kilikuwa hakinifikishi popote na lafudhi ya Texas. Kilinyooka kwa kusimama mbele ya meza na kuelezea chakula. Kihispania kidogo nimekipata jikoni, kwa wapishi wa Meksiko na Honduras walionitunzia sahani ya wali na maharage kila nilipozidiwa. Kuna mzee mjane aliyekuwa akija Jumanne mchana na kuomba akae upande wangu. Alikuwa ananiuliza habari za Morogoro, za milima ya Uluguru, za mama. Aliacha dola 5 kwenye chakula cha dola 14, kila wiki bila kukosa. Yule nilimpenda kama baba, na alipoacha kuja kwa sababu ya ugonjwa niliomba namba kwa binti yake nikaenda kumuona.

Jambo jingine ni muda. Zamu za jioni zilinipa asubuhi za kusoma chuo cha jamii, kile wanachoita community college, chuo cha umma cha kozi za miaka miwili. Ofisi isingenipa hilo, na ghala lingenimaliza nguvu.

Waislamu wa huko nyumbani wameniuliza kuhusu pombe. Jibu la wazi: kwenye mgahawa wa jioni, pombe ndiyo inayopandisha bili, na bili ndiyo inayopandisha bakshishi. Huwezi kuomba meza zisizo na pombe. Hapa Texas waajiri wengi hutaka pia uwe na cheti cha mafunzo ya kuuza pombe pamoja na kile cha usafi wa chakula. Vyote ni kozi fupi za mtandaoni. Dada mmoja wa Tanga niliyefanya naye kazi alihamia mgahawa wa kifungua kinywa, unaofunga mchana na hauuzi pombe. Hela yake ilipungua, roho yake ikatulia. Nyama ya nguruwe, hata hivyo, hakuikwepa, maana kifungua kinywa cha Wamarekani bila bekoni ni nadra. Kila mtu na dini yake alipime kabla ya kupanda ndege, si baada ya kuvaa aproni.

Wale mnaokuja kwa visa ya mwanafunzi, msidanganywe. Kufanya kazi nje ya chuo bila kibali kunaweza kukugharimu visa yenyewe. Na anayekulipa chini ya meza anajua huna pa kulalamika, kwa hiyo saa zako anaziandika anavyotaka.

Mdogo wangu, wewe utakuwa na karatasi, kwa hiyo zijue haki zako. Meneja au mwenye mgahawa haruhusiwi kuchukua bakshishi za wafanyakazi. Sheria ilibana jambo hilo mwaka 2018. Mgeni akila akakimbia, au sahani ikivunjika, mwajiri anayekulipa 2.13 hana ruhusa ya kukukata hela hiyo. Wengi wanakatwa na wananyamaza kwa kutojua. Andika bakshishi zako kila usiku kwenye daftari, za kadi na za taslimu, hata kama umechoka. Kuna sheria iliyosainiwa Julai 2025 inayoruhusu kuondoa hadi dola 25,000 za bakshishi kwenye hesabu ya kodi ya mapato ya serikali kuu, kwa miaka ya 2025 hadi 2028. Wengi wameisikia wakadhani bakshishi haikatwi kitu kabisa. Makato ya pensheni na matibabu ya uzeeni, asilimia 7.65, yako palepale.

Nikirudi kwenye swali lako la pili, mbona nasema mambo magumu. Ukiugua, hakuna meza, hakuna hela. Texas haimlazimishi mwajiri binafsi kukulipa siku za ugonjwa. Bima ya afya wengi wetu tunajinunulia au tunakaa bila. Januari watu wametoka kwenye sikukuu, wanakula kwao, na kodi ya nyumba haijui kama ni Januari. Bila gari huku hufiki kazini, na gari lina bima, mafuta na mafundi. Sasa huko nyumbani mtu akisikia dola mia mbili kwa siku, anazidisha mara thelathini, anapata dola elfu sita, anageuza kuwa shilingi, na ananiona mchoyo. Nisiposema ukweli huu, ugomvi hautaisha. Mama anajua kiasi ninachotuma, ni kilekile kila mwezi, na nimekipanga kwa kuangalia mwezi wangu mbaya kuliko yote. Jumamosi nzuri zinaingia benki na zinakaa. Ukija, fanya hivyohivyo, na wala usiwatajie watu hela ya siku moja.

Je, uje? Njoo. Una diploma na una heshima ya kazi, na huku hiyo ya pili inaonekana haraka. Usitarajie kuanza na meza. Wengi wanaanza kwa kusafisha meza au kupeleka chakula kutoka jikoni, na ni vizuri, utaijua menyu na utawajua watu. Baada ya hapo lenga hoteli, upande wa sherehe na mikutano, ambako mara nyingi wanalipa kwa saa kiwango cha kueleweka na diploma yako itasomwa. Vyeti vyako vyote vya chuo vije na wewe kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo.

Mpe mama mdogo shikamoo yangu. Na nitumie saizi ya mguu wako wiki hii: viatu vyeusi visivyoteleza kuna duka vimeshuka bei, na huwezi kuingia jikoni siku ya kwanza bila hivyo.