Kabla Hujamtumia Mpigachapa Mswada Wako

Jumamosi iliyopita tulikutana waandishi saba hapa Kisumu kama kawaida yetu, kila mtu na kurasa zake. Kijana mmoja akatangaza kwa furaha kwamba riwaya yake ilikamilika Alhamisi usiku na Jumatatu inakwenda kupigwa chapa, nakala 400. Nikamuuliza nani ameisoma. "Mimi mwenyewe, mara tatu, kwenye simu." Wenzake wawili wakasema nao ndivyo walivyofanya. Usiku ule usingizi ulinipaa. Wadogo zangu, nawapenda, na kazi zenu nazisoma hadi nukta ya mwisho. Ndiyo maana leo siwabembelezi.

1. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, iombwe mapema. Inatolewa na KNLS, shirika la maktaba za taifa, na ukijichapishia unaomba mwenyewe. Ukichapa tena bila kubadilisha kitu, namba ni ileile. Toleo jipya lina namba yake.

2. Soma prufu ya karatasi, yaani nakala ya kukagua kabla ya kupigwa chapa. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa na msichana aitwaye Tabu. Alizaliwa mwaka wa njaa, mamake akamlea kwa kuuza omena pale sokoni Kibuye. Niliishi naye miaka mitatu. Wiki ya kupeleka kazi kwa mpigachapa, shangazi yangu akaniambia kwamba jirani yake ana binti wa jina hilohilo, na watu watasema nimeanika maisha ya mtoto wa watu. Nikaona ana haki. Usiku huohuo, saa sita, nikaiamuru kompyuta: kila penye Tabu, weka Neema. Ikajibu kwamba imebadilisha mahali 611. Idadi ile ilipaswa kunishtua. Mimi nikashukuru kazi imeisha haraka, nikatuma faili alfajiri. Mpigachapa akaniuliza kama nataka nakala moja ya kutazama kwanza. Ingegharimu shilingi 900 na siku nne. Nikakataa, maana uzinduzi ulikuwa umeshatangazwa.

Vitabu 300 vilifika kwa basi la usiku kutoka Nairobi. Nikafungua katoni moja, nikanusa karatasi, nikapapasa jalada, nikafunga.

Siku ya uzinduzi tulimwomba mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari, mzee aliyetoka Vihiga asubuhi na mapema, atusomee ukurasa mmoja. Akachagua pale mama anapomuaga binti yake. Mimi niliandika: "Mwanangu, nilikulea kwa tabu." Mwalimu akasoma: "Mwanangu, nilikulea kwa neema." Akasita, akaendelea. "Neema ilinizeesha kabla ya siku zangu. Neema ndiyo iliyomuua babako." Akaniangalia juu ya miwani. Sentensi iliyofuata, msichana anafuta machozi na kuchukua "kineema" chake cha hesabu. Mwalimu akalifunga jalada taratibu, akasema sauti yake imechoka siku hizi, akaketi. Alinisitiri mbele ya watu hamsini.

Nyumbani nikakaa na penseli hadi kukacha. Kitabu, vitabu, kijitabu, vyote vilikuwa vimeliwa, na kila tabu imegeuka neema. Mtu anapumua kwa neema. Mjane analalamika kwamba neema hazimwishi. Msichana wangu alikuwa mpenda vitabu, kwa hiyo hapakuwa na sura iliyosalimika. Nakala 43 zilizouzwa siku ile nilizifuata moja moja, hadi Bondo, hadi Kakamega, nikirudisha pesa za watu. Zilizobaki zilikaa chini ya kitanda changu mwaka mzima, kwa sababu akiba yangu yote ya kufundisha tuisheni miaka miwili ilikuwa ndani ya katoni zile. Kila nikifagia, ufagio unazigonga.

Mwezi mmoja baadaye mwalimu alinitumia nakala yake kwa mtu wa matatu. Alikuwa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu kurasa zote 188, na ukurasa wa mwisho ameandika tu, "Endelea." Toleo la pili lilitokana na nakala hiyo.

Kwa hiyo jina likibadilika, libadilishe moja baada ya jingine, ukiliona kwa macho yako. Kisha chapa mswada kwenye karatasi, mpe mtu asiyekuonea haya, umsikilize akiusoma kwa sauti.

3. Wapigachapa wengi hupanga kurasa kwa mafungu ya 8 au 16, na fungu la mwisho lisipojaa, zinazobaki huwa tupu. Uliza kabla ya kulipia kurasa tupu.

4. Duka likichukua vitabu kwa mali kauli, yaani likulipe baada ya kuuza, mwandikiane idadi na tarehe, hata kama mwenye duka ni binamu yako.

5. Someni, jamani. Nikiwauliza mnasoma nini, mnanitajia kitabu teule cha kidato cha nne. Mimi nasoma dakika arobaini kila asubuhi kabla simu haijawashwa, na nyingine nazipata kwenye matatu. Vingi nilivyonavyo nilivinunua vimetandazwa kwenye gunia kando ya barabara, vingine havina hata jalada. Nilipoisoma Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, nikamwona Kongowea akitoka pwani kumtafuta babake hadi huku kwetu, Kitale. Mpaka siku hiyo nilidhani riwaya ya Kiswahili lazima inukie chumvi ya bahari. Nisingeisoma, mama wa omena asingezaliwa. Nami hupenda kusoma kwa sauti, kwa sababu sikio langu lililelewa na Kiluhya cha bibi na Kijaluo cha jirani, na sentensi ya Kiswahili iliyoazima mwendo isivyofaa hujikwaa mdomoni hata kama jicho limeipitisha.

Mnaouliza habari za mswada wangu wa tatu: uko mezani, umechapwa upande mmoja wa karatasi. Nasoma kurasa kumi kwa siku, rula chini ya mstari. Nimefika ukurasa wa 96 na nimepata makosa 31. La jana ni mzee niliyemvusha Mto Nzoia kwa miguu mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. Nimemtafutia mtumbwi.

Yule kijana nilimpigia Jumapili jioni. Alinyamaza muda, kisha akasema atamwambia mpigachapa asubiri. Jumamosi atakuja na mswada wake wote kwenye karatasi. Nimeshamnunulia kalamu mbili nyekundu.