Pensheni ya Dola 1,000: Lisbon, Tbilisi au Chiang Mai?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina umri wa miaka 58, nimestaafu na ninaishi peke yangu. Pensheni yangu pamoja na kodi ya nyumba niliyoipangisha hunipatia dola 1,000 kila mwezi, wala sitarajii nyongeza. Ninataka kuhamia ng'ambo na kuishi kwa kiasi hicho bila kukopa. Nimelinganisha Lisbon (Ureno), Tbilisi (Georgia) na Chiang Mai (Thailand) katika majedwali ya intaneti, na kote naona kwamba mtu mmoja anaweza kuishi kwa chini ya dola 800. Je, niyaamini majedwali hayo?

JIBU: Ndugu msomaji, yaamini kwa kiasi, na kwanza uyasome upya. Tovuti ya Numbeo, ambayo watu wengi huitegemea, hukadiria matumizi ya mtu mmoja bila kodi ya pango, na bei zake nyingi huingizwa na watumiaji wenyewe. Nashuku kwamba takwimu ulizoziona ni za namna hiyo. Ukiongeza kodi ya chumba na sebule jijini Lisbon, dola zako 1,000 zitakuwa zimekwisha kabla mwezi haujafika mwisho.

Hata hivyo, kwa mtu mwenye kipato kama chako, bei za sokoni si jambo la kwanza kulinganisha. La kwanza ni masharti ya ukaazi. Ureno hutoa viza ya D7 kwa watu wenye kipato cha kudumu kama pensheni, na kiwango kinachotakiwa hufuata kima cha chini cha mshahara, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 870 kwa mwezi. Mwanzoni mwa Januari mwaka huo dola 1,000 zilikuwa sawa na takriban euro 970, lakini kufikia Julai zilikuwa zimeshuka hadi karibu euro 850. Pensheni haikupungua hata senti moja, ila mwombaji yule yule aliyekuwa na ziada mwanzoni mwa mwaka akajikuta chini ya kiwango katikati yake. Mwaka 2026 kima hicho kimepanda tena, kikafika euro 920. Kwa sababu hiyo ningekushauri uiondoe Lisbon katika orodha yako, ingawa najua ni mji unaopendwa na wastaafu wengi.

Kuhusu Thailand, mtu mwenye miaka 50 au zaidi anaweza kuomba kukaa kama mstaafu, mradi aonyeshe kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, ambazo ni karibu dola 2,000, au akiba ya baht 800,000 benki. Kwa kipato, hufikii kiwango hicho. Kwa akiba, unajua mwenyewe ulichonacho. Ukifanikiwa, maisha ya Chiang Mai ni nafuu kweli, lakini wenye nyumba wengi hudai amana ya miezi miwili pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza, kiasi kwamba nyumba ya dola 300 itakudai dola 900 siku ya kuingia. Kisha, kati ya Februari na Aprili, moshi wa mashamba na misitu inayochomwa huufunika mji, na wakazi wengi hulazimika kununua mashine za kusafisha hewa au kuhama kwa muda. Hilo ni gharama, na kwa mtu wa umri wako ni suala la afya vilevile.

Georgia ndiyo yenye mlango mpana zaidi, kwa kuwa raia wa nchi nyingi wanaruhusiwa kukaa mwaka mzima bila viza. Hakikisha tu kwamba pasipoti yako ni ya mojawapo ya nchi hizo. Usidhani, hata hivyo, kwamba unafuu wa Tbilisi ni wa kudumu. Mwaka 2022, Warusi wengi walipohamia huko baada ya vita vya Ukraine kuanza, kodi za nyumba zilipanda ghafla, na wakati huo huo dola ikashuka kutoka zaidi ya lari 3 (lari ni sarafu ya Georgia) hadi takriban lari 2.7. Mwenye kipato cha dola aliumia mara mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu chakula kilinunuliwa kwa lari huku kodi nyingi zikitajwa kwa dola na kuongezwa. Gharama ya gesi ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi nayo haionekani vizuri katika wastani wa mwaka.

Kwa hiyo, kati ya miji hiyo mitatu, ningeanza na Tbilisi, nikitafuta nyumba nje ya katikati ya mji isiyozidi dola 400, nikitenga bima ya afya mapema kwa kuwa hupanda kadiri umri unavyosonga, na nikiacha asilimia 15 ya kipato bila kuigusa kwa ajili ya mabadiliko ya sarafu. Kabla ya kuhama moja kwa moja, panga ukae huko mwezi mmoja, nao uwe Januari, ukiandika kila unachotumia.